Soma Kabla ya Kubonyeza Y

Mhadhara kwa wasimamizi wa mitambo ya kompyuta wa shule, hospitali, kaunti na vyama vya akiba na mikopo, Kisumu

Asante, mwenyekiti. Waliotoka Bungoma, Busia na Migori alfajiri, poleni na safari. Sitawachosha na utangulizi. Nyote mnajua seva ni nini, na mnajua ni nani hupigiwa simu ikizima.

Wengi wenu mmeshanisikia nikilisema jambo hili Kakamega, na Nakuru pia, na leo mtalisikia tena, kwa sababu kila ninapoingia chumba cha seva huku kwetu nakuta mambo ni yale yale. Fundi anaandika apt upgrade, amri ya kusasisha programu kwenye Linux. Mtambo unamjibu kwa ukurasa mzima: vifurushi hivi vitasasishwa, hivi vipya vitawekwa, utapakua megabaiti kadha wa kadha. Akiandika full-upgrade, panaongezeka orodha nyingine: hivi vitaondolewa. Kisha mtambo unamwuliza, niendelee? Kidole kimeshafika kwenye Y kabla jicho halijafika mstari wa pili. Na wapo wasiotaka hata kuulizwa. Wameongeza -y mwishoni mwa amri, wakaiweka kwenye cron, saa ya mtambo inayoendesha amri yenyewe, wakaenda zao nyumbani.

Mwenye duka pale soko la Kibuye hapokei magunia kutoka kwa lori bila kuyahesabu na kuyafungua mawili matatu, hata kama dereva ni shemeji yake. Sisi tunapokea programu zinazoshika pesa na afya za watu, na hatufungui hata moja.

Mwaka 2021 yule Mkanada wa YouTube, Linus Sebastian, alikuwa anaonyesha watazamaji wake jinsi ya kuhamia Linux. Akataka kuweka Steam, programu ya michezo, kwenye Pop!_OS, aina mojawapo ya Linux. Kifurushi kilikuwa na hitilafu ya utegemezi siku hiyo, na apt ikamwambia waziwazi kwamba ili kuweka Steam itaondoa mazingira yote ya dawati. Ikamtahadharisha kwamba anataka kufanya jambo la hatari. Ikamtaka aandike kwa mkono wake sentensi nzima ya kukubali, kwamba ndiyo, fanya ninavyosema. Akaiandika. Dawati likatoweka mbele ya kamera. Waliomtetea walisema programu isingepaswa kumruhusu, na hilo ni kweli, hitilafu ilikuwa ya waandaaji. Lakini orodha ilikuwa pale kwenye skrini. Na yeye alikuwa anacheza nyumbani kwake. Ninyi mnashika mishahara.

Sasa wacha niwape kisa ambacho nitakirudia mpaka nistaafu.

Kuna chama kimoja cha akiba na mikopo, sitakitaja, katika eneo hili letu la magharibi, chenye wanachama wengi wakulima wa chai. Hifadhidata yao ni programu ya PostgreSQL, juu ya Debian, nayo ni aina ya Linux. Fundi wao aliamua kuhama kutoka Debian 9 kwenda Debian 10, jambo zuri, kwa sababu Debian 9 ilikuwa inazeeka. Akabonyeza Y. Mtambo ukapanda vizuri, hakuna kosa hata moja kwenye skrini. Hifadhidata ya zamani ya toleo la 9.6 akaiacha iendelee kama ilivyokuwa, kwa kuwa ilikuwa inafanya kazi.

Siku chache baadaye mama mmoja akaja dirishani kutoa pesa za karo. Karani akaandika nambari ya uanachama. Hakuna kitu. Akaandika tena.

“Mama, nambari hii haipo kwenye mtambo.”

“Mwanangu, mimi nimekatwa hapa tangu mume wangu akiwa hai. Angalia tena.”

Karani akaangalia tena. Hayupo. Kitabu cha mama kina mihuri ya miaka mingi, mtambo unasema hayupo. Na hapo ndipo pananiuma: ripoti ya mwisho wa mwezi ilipotolewa, mama alikuwemo, na akiba yake kamili mpaka senti. Kwenye ripoti yupo, dirishani hayupo. Meneja akaanza kumshuku karani. Karani mwingine, kwa nia njema, akawasajili upya wanachama wawili watatu “waliopotea”, kwa nambari zao zile zile, na hifadhidata iliyowekewa sharti la kutokubali nambari mara mbili ikawakubali bila kulalamika. Sasa kuna watu wawili ambao ni mtu mmoja. Mmoja ana akiba, mwingine ana mkopo.

Nilipoitwa, walikuwa wameshaandika barua ya kumsimamisha kazi yule binti wa dirishani.

Kilichotokea ni hiki, na naomba mnifuate polepole. Hifadhidata haipekui wanachama wote kila unapotafuta mmoja. Inatumia faharasa, orodha iliyopangwa kwa mfuatano, na inaruka moja kwa moja hadi mahali ambapo jina au nambari inapaswa kuwa. Mfuatano wa maandishi, yaani kipi kitangulie kipi, PostgreSQL haikuujua yenyewe. Iliuliza maktaba ya msingi ya mfumo, glibc. Na glibc toleo la 2.28, lililotoka Agosti 2018, lilibadilisha mfuatano huo ili ulingane na kiwango kipya cha kimataifa cha ISO 14651. Debian 9 ilikuwa na glibc 2.24. Debian 10 ilikuja na 2.28.

Tofauti yenyewe unaweza kuiona kwa macho. Ipe sort, amri ya kupanga mistari, maandishi mawili, 1-1 na 11, kwa lugha ya mfumo ya en_US.UTF-8. Kwenye glibc ya zamani inatoa 11 kwanza, kisha 1-1, kwa sababu kistari kilikuwa karibu hakihesabiwi. Kwenye mpya inatoa 1-1 kwanza, kisha 11. Basi. Ni hilo tu lililobadilika kwao. Chama hicho kilikuwa na wanachama wa zamani wenye nambari tupu, na wa matawi mapya wenye nambari zenye kistari. Faharasa ilikuwa imepangwa kwa mfuatano wa zamani, na mtafutaji sasa anatembea kwa mfuatano mpya. Anafika mahali anapotarajia kumkuta mama, anakuta mwingine, anarudi kusema hayupo. Mama yumo kwenye jedwali muda wote huo, hakutoka hata dakika moja. Ripoti ilimwona kwa sababu ripoti husoma jedwali lote toka juu hadi chini bila kuuliza faharasa.

Dawa ya ugonjwa huo ni neno moja, REINDEX. Unapanga upya faharasa kwa mfuatano mpya mara tu baada ya kupanda toleo, kabla ya kumfungulia mteja mlango. Kama ungehamisha data kwa kuitoa yote na kuiingiza upya katika toleo la 11 la PostgreSQL, faharasa zingejengwa upya zenyewe na usingejua kama kulikuwa na tatizo. Kama hifadhidata ingekuwa imewekwa kwa mpangilio wa C, usiofuata lugha yoyote, usingeguswa kabisa. Lakini ukishakaa siku kadhaa ukisajili watu mara mbili, REINDEX yenyewe inakataa, inakuambia kuna nambari zinazojirudia, na hapo kazi si ya kompyuta tena. Ni ya kukaa na vitabu vya wanachama, mmoja baada ya mwingine, na kuamua ni nani ni nani.

Na sasa sikilizeni. Mabadiliko hayo hayakuwa siri. Yaliandikwa katika taarifa za toleo la glibc 2.28. Watu wa PostgreSQL waliyaandikia ukurasa mzima wa tahadhari, wakaweka hata lile jaribio la 1-1 na 11 ili kila mtu ajipime. Debian 10 ilitoka Julai 2019. Kati ya Agosti 2018 na siku ile mama alipofika dirishani, onyo lilikuwa mezani likingoja msomaji.

Yule binti alirudishwa kazini. Hakuna aliyemwomba msamaha, na hilo bado linanikera.

Najua kuna mtu hapa anasema moyoni: basi dawa ni kutogusa. Seva inafanya kazi, iache. Hapana, na tena hapana. Machi 2017 Microsoft ilitoa kiraka cha tundu la SMB, njia ya Windows ya kushirikiana faili, kiraka MS17-010. Mei mwaka huo huo WannaCry, programu ya kufunga faili na kudai fidia, ikaingia kupitia tundu lile lile na kulaza hospitali za Uingereza. Kiraka kilikuwa kimetoka miezi miwili kabla. Asiyesasisha kwa uoga na anayesasisha kwa upofu wananipigia simu ile ile. Sisemi msisasishe. Nasema msome, kisha msasishe, na masasisho ya usalama msiyakawize. Kwenye toleo thabiti la Debian, sasisho la usalama kwa kawaida ni kiraka kidogo kilichorudishwa kwenye toleo lile lile mlilo nalo. Kulisoma ni dakika chache. Nyakati zinazotaka jioni nzima ya kusoma ni za kupanda toleo zima, 11 kwenda 12, 12 kwenda 13, na hizo huja mara moja kila miaka miwili hivi. Huwezi kupata jioni moja katika miaka miwili?

Mwingine anasema bando ni ghali. Ndugu yangu, maandishi ya mabadiliko ni kilobaiti. Kinachokula bando ni kupakua mamia ya megabaiti, kukwama katikati, na kuanza upya usiku na mteja anasubiri.

Na yupo msomi, huwa hakosi, atakayesema: mzee, hata tukisoma, tungeuonaje mlango wa nyuma wa xz, ile programu ya kubana faili? Swali zuri, na nalijibu kwa heshima. Usingeuona. Huo ulikuwa umefichwa na mtu aliyejiita Jia Tan, aliyejenga uaminifu katika mradi huo kwa zaidi ya miaka miwili. Sehemu yake ilikuwa ndani ya faili za majaribio, na hati ya kuiamsha ilikuwa kwenye kifungashio cha toleo tu, haimo kwenye hazina ya msimbo ambako watu huangalia. Aliyeukamata ni Andres Freund, mmoja wa waandishi wa PostgreSQL, akautangaza tarehe 29 Machi 2024. Aliukamata kwa kuona kwamba kuingia kwa ssh, njia ya kuingia kutoka mbali, kwenye mashine yake ya majaribio kulichelewa kama nusu sekunde na kulikula nguvu ya kompyuta kuliko kawaida. Nusu sekunde! Wangapi kati yetu wangeuliza?

Lakini angalieni siku iliyofuata ilikuwaje. Tangazo lilisema matoleo mabaya ni 5.6.0 na 5.6.1. Aliyekuwa anajua alichoweka alijibu kwa dakika moja: ninayo au sinayo. Waliokuwa Debian thabiti hawakuguswa, waliokuwa kwenye matawi ya mbele ya majaribio waliguswa. Fundi mmoja wa hapa jirani alinipigia jioni hiyo kuniuliza mimi ana toleo gani. Ananiuliza mimi! Seva iko chini ya meza yake. Andika dpkg -l xz-utils, utaona. Fungua /var/log/apt/history.log, utaona liliingia lini, kwa amri gani na, kama alitumia sudo, nani aliiandika. Kusoma hakumzuii kila mwizi, ila mwizi akitangazwa utajua kama alilala kwako.

Tufike kwenye mikono sasa. Kwenye Debian kuna programu ndogo inayoitwa apt-listchanges. Katika mifumo mingi ya Debian tayari imo, na kwenye Ubuntu unaiweka mwenyewe. Kazi yake ni moja: kifurushi kikishapakuliwa, kabla hakijawekwa, inakufungulia maandishi ya mabadiliko uyasome. Kuna maandishi ya aina mbili, na kuyachanganya ndiko kunakowakatisha watu tamaa. Changelog ni kumbukumbu ya kila kitu, hata koma iliyosahihishwa kwenye tafsiri ya Kijerumani. NEWS.Debian ni ile ambayo mtunzaji wa kifurushi anaandika pale tu anapojua kwamba mabadiliko haya yatakugusa wewe msimamizi. Ni aya chache, na vifurushi vingi havina la kuandikwa humo mwaka mzima. Ukibonyeza q bila kusoma NEWS, umemfungia mlango mtu aliyepanda gari kuja kukuonya.

Mfano. OpenSSH 8.8, programu ya ssh, Septemba 2021, ilizima sahihi za RSA zinazotumia SHA-1, njia ya zamani ya kifaa kujitambulisha, na NEWS ya kifurushi ikalisema hilo na dawa yake. Tuna shule ngapi huku zenye ruta na swichi za zamani zinazojua sahihi hiyo peke yake? Fundi aliyesoma aliongeza mstari mmoja kwenye mipangilio yake, HostKeyAlgorithms +ssh-rsa, kwa kile kifaa kimoja tu, akaanza kupanga bajeti ya kukibadilisha. Asiyesoma alifunga safari hadi shuleni kwa bodaboda, akiamini ruta imekufa.

Wekeni pia confirm kuwa ndiyo, ili baada ya kusoma mtambo uwaulize kama mnataka kuendelea. dpkg-reconfigure apt-listchanges itakuuliza yote hayo. Kwa wa Debian kuna apt-listbugs vilevile, inayokuambia kama kifurushi unachotaka kuweka kina hitilafu kubwa ambayo wengine wameshairipoti. Na kabla ya hayo yote, apt -s upgrade. Hiyo s inafanya maigizo tu: inaonyesha kila kitu na haigusi chochote. Kitu ukikitilia shaka, apt-mark hold kinabaki pale kilipo mpaka ujue, lakini andika mahali kwamba umekishika. Vifurushi vilivyoshikwa na kusahauliwa nimevikuta vingi mno.

Lile swali la faili za mipangilio. Uliibadilisha faili wewe, na kifurushi kipya kinaleta toleo lake. dpkg inakuuliza, Y kuchukua yao, N kubaki na yako, D kuona tofauti. Bonyeza D. Kila mara, bonyeza D. Ukichukua yao bila kuangalia, umefuta kazi yako. Ukibaki na yako bila kuangalia, unaweza kuacha mlango ambao wao wameufunga. Sijui kwa nini D ndiyo herufi inayoogopwa kuliko zote kwenye kibodi.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nilikuwa nimepanga kuzungumza kwa kirefu juu ya hati zinazoendeshwa wakati wa kuweka kifurushi, nitaligusa tu. Zile preinst na postinst zinaendeshwa kama root, yaani mwenye mamlaka yote ya mtambo. Kifurushi ulichokitoa mtandaoni kwa mtu usiyemjua, ukakiweka kwa dpkg -i, kimepewa funguo zote za nyumba wakati huo huo, hata usipokifungua kamwe. dpkg-deb -e inakutolea hati hizo uzisome kwanza. Na zile amri za kunakili, za curl kisha bash, zinazopakua na kuendesha papo hapo, tafadhali: pakua faili, ifungue, isome, ndipo uiendeshe.

Vijana wa JavaScript, lenu ni fupi. Tarehe 8 Septemba 2025, mtunzaji mmoja alilaghaiwa kwa barua pepe iliyojifanya imetoka npm, ghala la vifurushi vya JavaScript, na matoleo yenye sumu ya vifurushi vya chalk na debug yakatoka kwa jina lake halali. Yalikaa saa chache tu kabla ya kuondolewa. Aliyekuwa na package-lock.json, faili inayofunga matoleo, na kutumia npm ci, amri inayoifuata, alibaki na matoleo aliyokwisha kuyakagua. Aliyeandika npm update saa hizo kwa mazoea, aliyabeba. Msifute ile faili ya lock kila inapowasumbua. Ya WordPress na programu jalizi zake naiacha, tungekesha.

Mameneja mliopo, neno moja kwenu. Katika mikataba yenu na mafundi nimeona malipo ya kuweka, malipo ya kutengeneza, malipo ya usafiri. Sijaona popote malipo ya kusoma. Wekeni. Na mtakeni fundi awape karatasi moja kila anaposasisha: nini kilibadilika, kitamgusa nani, na nakala ya akiba iko wapi na ilijaribiwa lini kurejeshwa. Asiyeweza kuijaza karatasi hiyo asiiguse seva yenu siku hiyo.

Pale nyuma kuna mashine ya majaribio yenye masasisho yanayongoja. Baada ya chai tutayapitia kimoja kimoja kabla ya kubonyeza chochote, tukianzia na libc6, kifurushi chenye ile glibc. Wenye maswali waje na viti vyao.